Barua ya wazi kwa wakubwa wa Mtwara: mmeniuliza ushahidi, na mi nawauliza kipimo kiko wapi

Shikamooni wakubwa wangu. Naandika hii kwa wote mnaotuongoza hapa mkoani na kwenye manispaa yetu ya Mtwara Mikindani, wa afya, wa mazingira, wa barabara, wa bandari, madiwani wetu, na yeyote mwenye kiti cha kuzunguka ambaye neno lake likitoka linafika mahali. Mi ni mama wa Mikindani, kazi yangu kubangua korosho na kuziuza pembeni ya barabara hii hii inayotoka Mingoyo kuja mjini, kwaiyo ninachoandika sijasimuliwa, nakivuta kila siku.

Ilivyoanza ni hivi. Mwanangu wa mwisho ana pumu, na mwaka huu tangu kusi ianze kuvuma kifua kinambana usiku mpaka namkalisha kitandani nimemuegemeza mito. Sasa siku moja nimefua kanzu nyeupe ya baba yake kwa ajili ya Ijumaa, nimeianika kwenye kamba upande wa barabara, jioni naenda kuianua nakuta mabegani pameingia weusi, sio uchafu wa tope, ni unga mweusi laini ukiusugua na kidole unateleza kama wanja. Nikaikunja vilevile bila kuifua nikaitia kwenye mfuko wa rambo nikaenda nayo ofisi moja, siitaji, nikasema jamani angalieni haya ndo tunayovuta. Kijana wa mapokezi kaniangalia kwa heshima tu, hakunitukana, akaniuliza, "Mama, una vipimo?" Nikamwambia nina kanzu. Akasema kanzu sio ushahidi, andika barua. Basi barua ndo hii, nimeamua iwe ya wazi maana ya kufungwa ingelala kwenye faili.

Lile swali la vipimo lilinikera wiki nzima, alafu baadae nikaona kumbe kijana kauliza la maana ila kamuuliza mtu asiyehusika. Vipimo natakiwa kuwa navyo mimi mbangua korosho?

Bahati nzuri nina mpangaji, mwanachuo, yupo huku kwa mambo ya mafunzo yake, kaja na kidude kidogo kama saa ya mezani, kina tundu la kuvutia hewa na taa inayobadilika rangi. Akaniambia mama hiki kinahesabu vumbi lile dogo kabisa, wanaliita PM 2.5, yani chembe ambazo upana wake hauzidi maikroni 2.5. Akanipa mfano wa unywele, unywele mmoja wa kichwani ni kama maikroni 70, kwaiyo ukizipanga hizi chembe kwa mstari unahitaji karibu 30 ndo upate upana wa unywele mmoja. Vumbi kubwa linaishia puani ukipenga linatoka, ila hili dogo linashuka mpaka mwisho wa mapafu na lingine linapenya kwenye damu, ndo maana habari yake haiishii kwenye kikohozi, inafika kwenye moyo na kiharusi. Na watoto wanaumia zaidi sababu wanapumua harakaharaka kuliko sisi.

Rangi zenyewe ni rahisi, zinafuata ile skeli ya Wamarekani ya alama za ubora wa hewa. Kijani ni 0 mpaka 50, hewa safi. Njano 51 mpaka 100, ya wastani. Chungwa 101 mpaka 150, hapo watoto, wazee na wenye pumu wajihadhari. Nyekundu 151 mpaka 200, kila mtu. Zambarau inaenda mpaka 300, na ikipita 300 inakuwa ile rangi tunayoita damu ya mzee. Mi nimeishia la saba na nimeielewa kwa dakika tano, kwaiyo msije mkasema wananchi hawataelewa.

Tukakitundika ukutani sebuleni kwa msumari. Hapa nitasema ukweli wote hata ule unaoniaibisha. Mi nilikua nasubiri lori lipite taa iwe nyekundu niseme mnaona! Jioni ya kwanza taa ikakaa kijani, malori yanapita, njano, inarudi kijani. Nikaanza kuona aibu. Saa mbili usiku nikawasha dawa ya mbu ya kuchoma, ile ya mzunguko, nikaiweka chini ya kitanda cha mtoto kama kila siku, alafu nikahamishia kipimo chumbani. Haikupita nusu saa, zambarau. Nikadhani kimeharibika. Mpangaji akasema hakijaharibika mama, akanisomea kwenye simu yake kwamba watafiti walishapima mwaka 2003 wakakuta koili moja ikiungua mpaka mwisho inatoa chembe ndogo sawa na sigara 75 mpaka 137. Jamani. Mwanangu mwenye pumu nimekua namvutisha sigara chini ya kitanda miaka yote hii, kwa mkono wangu, nikiamini namkinga na malaria. Usiku ule sikulala vizuri.

Kesho yake nikakipeleka nyuma ya nyumba wakati nabangua. Kwa wasiojua kazi yetu, unaweka korosho na maganda yake kwenye karai lenye matundu juu ya moto mkali wa kuni, ganda likipata moto linatoa mafuta, mafuta yanashika moto yenyewe, unatoka moshi mweusi mzito unaowasha macho kama umepakwa pilipili, unageuza na mti mrefu, zikikolea unamwaga chini haraka unafukia mchanga ndo unakaa kuzigonga moja moja. Mafuta yale yanababua mikono, vidole vyangu mnaweza kuja kuviangalia, sasa fikirieni ule moshi wake ndani ya kifua. Taa ilikwenda damu ya mzee kabla sijamaliza karai la kwanza. Mwanachuo kanitazama, na mi nimemtazama, hakuna aliyesema kitu.

Kwaiyo wakubwa, siji kwenu nikiwa nimejitakasa. Moshi mwingine ni wangu. Ila ndo point yangu hiyo, mi niligundua wa kwangu sababu kidude kilinionyesha, na siku ileile niligundua nikaanza kurekebisha. Dawa ya kuchoma nimeacha, tumerudi kwenye chandarua kilekile tulichopewa kliniki nikakishona pale kilipotoboka. Udi sijaacha, usiku wa kuamkia Ijumaa bila udi nyumba naiona kama imepoa, lakini nafukiza dirisha likiwa wazi na mtoto yuko kwa bibi yake. Kufagia vumbi kavu sebuleni basi, nadeki na tambara bichi. Kubangua nimehamisha nyuma kabisa ambako kusi inapeleka moshi mbali na dirisha, na nabangua mtoto akiwa shule.

Jiko la mkaa nalo nawashia nje mpaka moshi uishe. Hapa naomba niongee na akina mama wenzangu kidogo, wakubwa mtanisubiri. Mkaa ukishakolea ukawa mwekundu hauna moshi tunadhani umekua salama tunauingiza ndani, msimu huu wa baridi ndo kabisa wengine wanalala nao chumbani. Ule mkaa mwekundu ndo unatoa kaboni monoksaidi, gesi ya sumu, haina rangi haina harufu haiwashi macho, na hata hiki kidude changu cha taa hakiioni sababu chenyewe kinahesabu chembe, gesi hakiijui. Mtu anaumwa kichwa kidogo, anasikia usingizi, haamki. Jiko lisilale ndani hata kama ni la kupashia maji ya mtoto.

Haya narudi kwenu. Baada ya kusafisha ya ndani ndo nikaanza kuiona ya nje vizuri. Chumba nimeshazima kila kitu, hakuna koili hakuna mkaa, saa kumi na moja alfajiri naamka kwa swala nakuta taa ni chungwa, siku nyingine nyekundu. Mchana upepo wa bahari ukishaamka inarudi kijani kabisa. Kwa nini alfajiri? Hewa inakua imetulia na ya chini imepoa, moshi haupandi, unalala chini kama ukungu. Na saa hizo ndo kila kitu kinafanyika kwa pamoja: malori yaliyokesha njiani yanaingia mjini, majirani wanawasha moto wa chai, mtu kule anachoma taka za jana na mifuko yake ya plastiki na pampasi, na huko mashambani ndo wanapuliza salfa, ule unga wa njano wa dawa ya mikorosho, sababu majani yana umande unga unashika vizuri. Kila mmoja ana sababu yake nzuri tu, ila wote tunautupia kwenye hewa moja, na hewa hiyo inaingia ndani.

Mtaniambia funga madirisha. Waheshimiwa, karibuni nyumbani kwangu. Dirisha langu ni nondo na wavu wa mbu, juu yake kuna tofali za matundu kama nyumba zote za huku, tulijenga hivyo makusudi sababu ya joto. Wavu unazuia mbu, hauzuii kitu ambacho 30 ndo unywele. Nimejaribu kutundika kanga mbichi dirishani, vumbi kubwa inashika, asubuhi unaiona ina alama, ila taa haikubadilika sana. Mpangaji anasema Marekani watu wanachukua feni wanaizungushia vichujio vinne wanafunga na utepe wa gundi inakua mashine ya kusafishia hewa, nikamuuliza vichujio vinauzwa duka gani hapa Mtwara, akacheka. Kwaiyo kinga yangu mimi ni saa tu. Nikijua saa gani hewa ni mbaya naziba yale matundu ya upande wa barabara na maboksi na mtoto hatoki, nikijua saa gani ni nzuri nafungua kila mahali nyumba ipumue, maana kufunga mchana kutwa watu watano ndani ni ugonjwa mwingine huo. Lakini ili nijue saa, lazima mtu apime.

Sasa haya makaa ya mawe. Sina ugomvi na makaa, najua yanatoka Ruvuma huko Ngaka yanakuja kupanda meli hapa kwetu, na tangu 2022 vita vya Ukraine vilipovuruga soko la nishati duniani malori ndo yameongezeka tukashangaa wenyewe. Vijana wetu wamepata vibarua, mama ntilie wanauza, na mi korosho zangu madereva ndo wateja, wananiita shangazi. Mtwara kuchele kweli, yani kumekucha. Ila njooni msimame pale kwenye tuta. Lori linafika linapunguza, mwili mzima unatikisika, lile turubai limefungwa lakini kona ya nyuma imechanika inapepea kama bendera, vipande vinadondoka, vidogo vya ukubwa wa kidole gumba. Lori linalofuata linakanyaga linasaga, na la tatu linarusha. Watoto wanaokota vile vipande wanachorea magoli ukutani, ukuta wangu wote umejaa magoli na jina la mchezaji limekosewa herufi. Nikifikiria kwamba uliosagwa ndo uko kwenye kanzu na usioonekana uko kwa mwanangu, hamu ya kuuza inaisha.

Nimesikia habari za bandari ya Kisiwa Mgao kwamba mizigo michafu kama makaa na saruji itahamia huko, vizuri sana, nafurahi, ila hata huko kuna watu, na malori bado yatapita barabarani sio angani.

Salfa pia nisiipite hivihivi. Hakuna mtu wa kusini atakwambia acha salfa, bila salfa ubwiri unga, ule ugonjwa wa ukungu, unamaliza maua ya korosho na hapo hakuna ada hakuna bati hakuna harusi. Lakini wale vijana wanaobeba mashine za kupulizia mgongoni wanajifunga kanga puani tu, macho yamewaiva kama wamelia msiba, na nyumba zilizo katikati ya mikorosho zinaamka na unga wa njano juu ya sufuria. Kutangaza tu kwamba wiki hii mtaa fulani wanapuliza, funikeni maji, watoto wa pumu wakae ndani mpaka jua litoke, hiyo ina gharama gani?

Na simu msiniambie. Najua simu inaonyesha hali ya hewa na namba ya ubora wa hewa ya Mtwara ipo, mpangaji kanifungulia, asubuhi moja simu inasema kijani wakati taa ukutani ni nyekundu na nje kunanuka plastiki. Namba nyingi za simu ni makisio, kompyuta inachukua picha za satelaiti na upepo inapiga hesabu ya eneo kubwa, haiwezi kujua kwamba jirani yangu kachoma ndala. Na hata vile vipimo vya kweli vya watu wengine sio vya kutegemea, balozi za Marekani zilikua zinatangaza hewa ya miji mingi duniani, Machi 2025 wakaacha kutuma, imeisha. Nguo ya kuazima haisitiri.

Wenzetu Kampala hawakusubiri wa kuazima. Pale chuo kikuu cha Makerere walianza mwaka 2015 mradi unaitwa AirQo, wakatengeneza vipimo vyao wenyewe vya bei nafuu, vinavumilia joto na vumbi la huku kwetu, wakavifunga kwenye majengo na vingine kwenye bodaboda kabisa, pikipiki inazunguka na abiria huku inapima mji. Sisi bodaboda tunazo mpaka tumezichoka.

Ninachoomba basi ni hiki, na nimekipunguza makusudi ili msiseme bajeti. Kipimo kimoja huku Mikindani barabarani, kimoja karibu na bandari, kimoja mitaa ya ndani kama Magomeni au Chuno, na kimoja upande wa Naliendele kwenye mikorosho. Vinne. Alafu kila asubuhi namba isomwe redioni baada ya taarifa ya habari, kwa rangi na kwa Kiswahili, leo alfajiri Mikindani nyekundu, wenye pumu subirini mpaka saa tatu. Shirika la Afya Duniani lilibadilisha viwango vyake 2021, wanasema kwa siku hewa isizidi maikrogramu 15 za hizo chembe kwa kila mita moja ya ujazo, na kwa wastani wa mwaka isizidi 5. Nchi yetu nayo ina Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 4 kinasema kila anayeishi Tanzania ana haki ya mazingira safi, salama na yenye afya, na kanuni za viwango vya ubora wa hewa zikatungwa 2007. Sheria ipo, kiwango kipo, sasa hapa Mikindani tunajuaje kama tumekizidi au hatujakizidi? Mwalimu hawezi kusema mtoto kafaulu wakati mtihani haujasahihishwa.

Mkishapima yale mengine yatajipanga yenyewe. Mkiona namba inaruka kila lori likipita na turubai bovu mtajua wa kumkamata, na barabara mtaimwagia maji. Mkiona inaruka saa kumi na mbili jioni mitaa yote mtajua ni moto wa kupikia. Na hapo kwenye kupikia naomba mnivumilie nina donge. Gesi ya Mnazi Bay imegunduliwa 1982, bomba kutoka Madimba kwenda Dar es Salaam limekamilika 2015, linapita chini ya ardhi ya mkoa huu, zile vurugu za 2013 za kupinga bomba wote tunazikumbuka sitaki kuzifukua. Wapo wenzetu wachache hapa mjini wameunganishiwa gesi mpaka jikoni na nawaonea wivu wa heri. Mimi napuliza mkaa. Mei 2024 serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, lengo asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034, basi tuanzieni sisi tulio karibu na kisima, maana mtungi wa kilo 6 ukiisha katikati ya mwezi unakaa pembeni kama pambo, na mkaa unauzwa hata wa kopo moja.

Na wabangua korosho msitufukuze. Mkiona damu ya mzee kwetu msije na migambo, njooni na majiko ya kubangulia yenye bomba la kutolea moshi juu, tukae kikundi tulipe kidogokidogo, tunalipa, ulizeni Vicoba.

Mpangaji wangu kamaliza mafunzo kaondoka Jumamosi na kidude chake, nilimfungia korosho kilo mbili na ming'oko ya njiani. Usiku ule nimeamka mara mbili kuangalia ukuta. Msumari bado upo, ni mrefu wa nchi tatu umeingia vizuri kwenye tofali, soketi ya umeme iko chini yake na barabara iko hatua kumi na tano, nimezipima kwa miguu. Mkikosa pa kukiweka cha Mikindani, kiwekeni kwangu, pango sitawadai. Na ile kanzu sijaifua.

Mama mbangua korosho,
Mikindani, Mtwara